Nyota yenye mkia na hesabu inayokataa

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Mada iko juu angani, ingawa mtaona haiko mbali sana na kazi inayonilisha. Nataka kueleza kwa nini kometi, ile nyota yenye mkia, huweza kung'aa ghafla, kufifia ghafla, au kupotea kabisa wakati watu wameshatoka nje kuitazama.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Kometi si kimondo. Kimondo ni kile kipande kinachowaka sekunde moja au mbili kikiingia katika hewa ya Dunia, kisha basi, kimekwisha. Kometi iko mamilioni ya kilomita kutoka hapa na inalizunguka Jua kama sisi tunavyolizunguka. Ukiitazama leo na kesho utaikuta imesogea kidogo tu katikati ya nyota.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: mwili wenyewe wa kometi ni mdogo na ni mweusi. Machi 1986 chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita kilomita 596 kutoka kwenye kiini cha kometi Halley. Kiini kile kina urefu wa kilomita kama 15, karibu sawa na kutoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa ndege. Kilikuwa kinarudisha asilimia 4 tu ya mwanga unaokiangukia. Makaa hasa! Na sehemu iliyokuwa ikitoa gesi ilikuwa kama asilimia 10 ya uso wake. Sehemu iliyobaki ilikuwa ganda kavu la vumbi, imetulia tuli.

Sasa kama kiini ni kidogo na cheusi hivyo, tunaona nini? Tunaona wingu. Jua linakipasha kiini joto, gesi inatoka, gesi inabeba vumbi, na wingu linatanda pande zote. Wingu hilo linaitwa koma, na linaweza kuwa pana kuliko sayari. Kwa hiyo ukisikia kometi imeongeza mng'ao, mara nyingi maana yake ni kwamba inafuka zaidi. Kumbukeni neno hilo, kufuka. Nitalitumia sana.

Mwaka 1950 Mmarekani Fred Whipple alieleza kiini cha kometi kama mchanganyiko wa barafu na vumbi, ndiyo maana watu hukiita tufe la theluji chafu. Lakini neno barafu linaficha mengi. Ipo barafu ya maji, ipo ya kaboni dioksaidi, ipo ya kaboni monoksaidi. Katika utupu wa angani barafu haiyeyuki kuwa maji. Inageuka gesi moja kwa moja, na kila aina ina joto lake la kuanzia. Kaboni monoksaidi huanza kufuka mbali mno, hata kule ng'ambo ya sayari ya Zohali. Kaboni dioksaidi inafuata. Maji ndiyo mavivu: husubiri mpaka kometi ifike kama kilomita milioni 450 kutoka kwenye Jua, yaani mara 3 ya umbali wetu sisi.

Shida ya utabiri inaanzia hapo. Kometi inayokuja karibu na Jua kwa mara ya kwanza ina barafu hizo nyepesi juu juu kabisa. Inaanza kufuka mapema, inaonekana ingali mbali, watu wanashangilia. Kisha barafu nyepesi ya juu inapungua, zamu ya maji inafika, na ile kasi ya kuongeza mng'ao inapoa. Anayetabiri kwa kufuata mwendo wa mwanzo atatoa ahadi kubwa mno.

Nionyeshe kwa namba, maana blogu hii bila namba si blogu hii. Mng'ao wa vitu vya angani hupimwa kwa magnitudi. Namba ikishuka, kitu kinang'aa zaidi. Tofauti ya magnitudi 5 ni mara 100. Mahali penye giza jicho huona hadi 6 hivi. Kwa kometi watu hutumia kanuni hii:

m = H + 5 log Δ + 2.5 n log r

Δ ni umbali kutoka kwetu, r ni umbali kutoka kwenye Jua, vyote kwa kipimo cha umbali wa Dunia na Jua. H na n hupatikana kwa kulinganisha kanuni na vipimo vya watazamaji. H ni mng'ao wa msingi. Mchawi ni n. Jiwe tupu linalorudisha mwanga bila kufuka lina n ya 2: umbali kutoka kwenye Jua ukipungua nusu, linang'aa mara 4. Kometi ya kawaida huwekewa 4: umbali ukipungua nusu, mara 16.

Tuseme leo kometi ina magnitudi 12.3, iko mara 3 ya umbali wetu kutoka kwenye Jua, na mara 2 kutoka kwetu. Baada ya miezi kadhaa itafika 0.4 kutoka kwenye Jua na 0.5 kutoka kwetu. Nimepiga hesabu tatu, zote zikianzia 12.3 ileile:

n ikiwa 3, itafika magnitudi 2.7.
n ikiwa 4, itafika 0.5.
n ikiwa 5, itafika -1.6.

Umeona? Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya zaidi ya mara 50. Ya kwanza itahitaji mtu wa kukuonyesha. Ya mwisho inashindana na nyota angavu kuliko zote. Na leo, kwenye data uliyo nayo, zote tatu zinafanana! Mtu yeyote aliyewahi kukadiria mzigo wa seva ya mwezi Desemba kwa kutumia kumbukumbu za wiki mbili za Januari anaielewa shida hii bila kufundishwa.

Historia ina mfano mkubwa. Machi 1973 Luboš Kohoutek aligundua kometi huko Hamburg, nayo ikaonekana ingali mbali sana. Magazeti yakaiita kometi ya karne. Ilipita karibu na Jua tarehe 28 Desemba 1973, na watu wa kawaida waliotoka nje hawakuona kitu cha maana. Miaka miwili baadaye ikaja nyingine, kometi West, na magazeti yaliyokuwa yameungua mara moja yakaiandika kidogo tu. Hiyo ndiyo iliyong'aa! Mwanzoni mwa Machi 1976 ilisimama alfajiri na mkia mpana kama feni, na kiini chake kikapasuka vipande vinne.

Naijua kometi West kupitia kwa Baba. Yeye ni mkulima Kitui. Alipokuwa kijana wa miaka 12 alitoka alfajiri kwenda kukamua akakuta mkia wa moto juu ya vilima upande wa mashariki. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwa miaka mingi aliisimulia tu kama "ile nyota", mpaka nilipompigia hesabu ya tarehe na upande, tukaipata jina.

Sasa Baba ana glakoma, ule ugonjwa ambao presha ya ndani ya jicho inaharibu mshipa wa kuonea. Matone ya dawa yanapunguza mwendo wa ugonjwa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na mwanga hafifu ndio unaomsumbua zaidi. Kwa hiyo aliponipigia simu Agosti 2024 kuuliza habari za kometi Tsuchinshan-ATLAS, nilielewa kwamba hii si habari ya kupitisha muda.

"Hiyo nyota itaonekana kweli?"

Kometi ile iligunduliwa Januari 2023 na kituo cha Zijinshan huko China, kisha Februari na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Afrika Kusini. Ingepita karibu na Jua tarehe 27 Septemba 2024. Lakini Julai mwaka huo Zdenek Sekanina, mtaalamu aliyechunguza kometi kwa miongo mingi, alichapisha makala akisema ingevunjika kabla ya kufika. Mng'ao wake ulikuwa umesita kwa wiki kadhaa, na mkia wa vumbi ulikuwa na umbo lisilo la kawaida. Dalili zake hazikuwa za kubuni.

Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya Python inayochukua mahali pa kometi kutoka kwenye hesabu za maabara ya JPL ya Marekani, kisha inatoa namba tatu za mng'ao: ya chini, ya kati na ya juu. Nilimsomea zote tatu.

"Baba, yuko mtaalamu anasema itavunjika. Na hesabu nyingine inasema itang'aa kuliko nyota zote."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema mahali itakapokuwa napajua kwa hakika. Mng'ao wake hakuna anayeujua mpaka ifike."

Akanyamaza kidogo. "Basi ni kama kupanda kabla ya mvua," akasema. "Unapanda."

Tukapanda. Nafasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa alfajiri ya mwisho wa Septemba, mwezi ukiwa mwembamba na anga lina giza, lakini kometi iko chini karibu na upeo. Ya pili ilikuwa jioni kuanzia katikati ya Oktoba, kometi iko juu zaidi upande wa magharibi, lakini mwezi unakaribia kujaa tarehe 17. Kwa jicho zima ningechagua alfajiri. Kwa jicho la Baba kitu kinachotakiwa ni mng'ao na muda wa kutafuta bila haraka. Tukakubaliana kujaribu zote.

Alfajiri ya tarehe 30 Septemba wingu lilikaa mashariki mpaka jua likatoka. Jioni ya tarehe 15 Oktoba anga lilikuwa safi. Saa moja na robo nilianzia kwa Zuhura, ile sayari angavu ya magharibi, nikasogea kulia, nikaipata. Kwa macho yangu ilikuwa na mkia uliosimama wima. Baba kwa macho matupu hakuona kitu. Nilimpa darubini ndogo ya mkononi, nikamshika mabega kumwelekeza, akatafuta kama dakika tano. Kisha akatulia.

"Nimeipata. Ni ndogo kuliko ile."

"Lakini ipo?"

"Ipo. Imesimama."

Kilichonivutia mimi katika wiki hizo ni kitu kingine. Kati ya tarehe 7 na 11 Oktoba, kometi ilipita karibu na mstari wa kati yetu na Jua, ikaonekana kwenye kamera za SOHO, chombo kinachochunguza Jua. Mng'ao wake ukakaribia magnitudi -5, zaidi ya Zuhura! Je, ilikuwa imefuka zaidi? Hapana. Vumbi dogo likimulikwa kutoka nyuma hupeleka mwanga mwingi mbele. Umeliona jambo hili ukiendesha gari jioni jua likiwa usoni: kioo cha mbele ambacho mchana kilikuwa safi kinageuka cheupe kwa vumbi. Vumbi halijaongezeka. Ni pembe ya mwanga tu. Kwa hiyo mng'ao wa kometi hubadilika kwa sababu tatu tofauti: umbali, kufuka, na pembe. Ukizichanganya utapata majibu ya ajabu.

Ile ilinusurika. Nyingine hazikubahatika. Kometi ISON, iliyogunduliwa Septemba 2012, ilipita kilomita milioni 1.2 tu kutoka uso wa Jua tarehe 28 Novemba 2013, na kilichotoka upande wa pili kilikuwa wingu la vumbi lililofifia kwa siku chache. Kometi ATLAS ya Desemba 2019 iliongeza mng'ao kwa kasi ya kushangaza mwezi Machi 2020. Aprili ikavunjika, na darubini ya Hubble ikahesabu vipande kama 30. Hapa kuna somo gumu: kupasuka hufunua barafu mpya, na barafu mpya huongeza mng'ao. Kometi inayokufa inaweza kuonekana kama kometi inayostawi.

Kinachoivunja mara nyingi ni mfuko wake wenyewe. Gesi ikitoka upande mmoja husukuma kiini kama moshi wa roketi, na kusukumwa huko hubadilisha mzunguko wake. Mwaka 2017 kometi 41P ilibadilisha muda wa kujizungusha kutoka saa 20 hadi zaidi ya saa 46 ndani ya miezi miwili. Huyo alipunguzwa mwendo. Ikitokea kinyume, kiini kikazungushwa kasi kupita nguvu inayokishikilia, kinajirarua chenyewe.

Halafu kuna milipuko ambayo haina uhusiano wowote na kukaribia Jua. Malkia wao ni kometi Holmes. Edwin Holmes aliigundua London Novemba 1892 kwa sababu ilikuwa imelipuka wakati huo. Ikatulia. Mei 2007 ikapita karibu na Jua bila makuu. Miezi mitano baadaye, ikiwa inakwenda zake mbali, tarehe 23 na 24 Oktoba 2007 ikatoka magnitudi 17 hadi 2.8 kwa muda usiofika siku mbili. Hiyo ni karibu mara nusu milioni! Novemba wingu lake lilikuwa pana kuliko Jua lenyewe, lote limetoka kwenye kiini cha kilomita chache tu.

Inawezekanaje? Maelezo yanayopewa uzito ni haya. Barafu iliyoganda katika baridi kali mno huwa haina mpangilio, na hufunga gesi nyingine ndani yake. Joto likipenya polepole hadi huko chini, barafu hiyo hujipanga upya kuwa fuwele, na katika kujipanga hutoa joto na kuachilia gesi iliyofungwa. Joto hilo linaamsha barafu ya jirani. Shinikizo linapanda chini ya ganda, na siku moja ganda linashindwa. Kumbukeni kwamba joto husafiri taratibu sana ndani ya kiini chenye matundu mengi. Ndiyo sababu mlipuko unaweza kuja miezi kadhaa baada ya kometi kulipa Jua mgongo. Nyinyi wenzangu wa programu mnalijua jambo hili: hitilafu iliingia mwezi wa tano, mtambo ukaanguka mwezi wa kumi.

Tumewahi kuona mambo haya kwa karibu. Chombo cha Rosetta kilikaa na kometi 67P kuanzia Agosti 2014 hadi Septemba 2016. Karibu na siku yake ya kukaribia Jua, Agosti 2015, kilirekodi milipuko midogo 34 ndani ya miezi mitatu. Mingi ilikuja kwa saa zake: mingine asubuhi ya huko, jua linapogonga ghafla mwamba ulioganda usiku, mingine alasiri, joto la mchana linapofika kwenye barafu ya chini. Na mmoja ulipata picha za kabla na za baada. Septemba 2014 palionekana ufa wa mita 70 juu ya jabali. Tarehe 10 Julai 2015 vumbi likaruka kutoka sehemu hiyo. Picha za baadaye zikaonyesha ukingo wa jabali umeporomoka na barafu nyeupe iko wazi.

Kwa hiyo wakati mwingine kinachobadilisha mng'ao wa kometi ni maporomoko tu, kama yale ya udongo tunayoyajua wakati wa masika. Ni kanuni gani ya H na n itakayokutabiria hilo?

Basi ukikutana na kichwa cha habari kinachoahidi kometi ya karne, nakushauri uulize maswali manne. Namba hiyo imetokana na vipimo vya kometi ikiwa umbali gani? Kama bado ilikuwa mbali kupita mpaka wa maji, ipunguzie imani. Je, ni mgeni wa mara ya kwanza au ni mzoefu anayerudi? Wazoefu wana rekodi. Je, namba imehesabu pembe ya mwanga, na mwezi utakuwa wapi usiku huo? Na mwisho, kumbuka mng'ao wa kometi umetandazwa. Nyota ya magnitudi 3 ni nukta moja, rahisi. Kometi ya magnitudi 3 ni mng'ao uleule uliopakwa juu ya eneo kubwa, na taa za mji zinaumeza wote.

Halley itapita tena karibu na Jua Julai 2061. Tarehe tunayo leo, zaidi ya miaka thelathini kabla, kwa sababu mvuto ni hesabu na hesabu haigombani nasi. Jinsi itakavyong'aa itategemea ganda, nyufa na barafu ambazo hakuna aliyeziona bado.

Haya, kwaherini kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, na wale mliouliza kuhusu ile programu ya kometi, nitaieleza mstari kwa mstari.